Mwaka wa Pete Mbili

Tulimzika shemeji yangu Suyun mwezi uliopita, ngano ikiwa bado kijani, na mpaka leo moyo wangu haujatulia. Si kwa sababu amekufa. Alikuwa na miaka sabini na minane, kiuno kimeshachoka, macho yameshachoka, na kifo kilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Kinachonichoma ni maneno ya watu. Wamejaa uani, wamejifunga vitambaa vyeupe, wanakula tofu na mikate ya mvuke tuliyowapikia sisi, halafu midomo ile ile inanong'ona: "Maskini, alikuwa mtu mwema, ila ndiye aliyeiua mikunazi ya mumewe." Na Yanfen, binti yake wa pekee, akapiga magoti mbele ya jeneza, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Mama, ile mikunazi nimekusamehe."

Amsamehe! Nilitaka kusimama niseme palepale. Badala yake nikainama kuokota mabakuli waliyoyaacha wageni. Basi nasema sasa. Mimi ni Teng Guangcai, mdogo wake marehemu Guanglu, mtu wa kunung'unika tangu utotoni, waulize majirani. Niliapa kunyamaza maadamu mmoja wao yu hai. Sasa hakuna hata mmoja.

Kaka Guanglu alikuwa mkata pete, na katika vijiji vyote vya upande wetu wa tuta la kuzuia mto hapakuwa na mkono kama wake. Mikunazi ikishachanua, nyuki wakijaa hadi usimsikie mtu anayekuita, ndipo kisu kinapotoka. Unazunguka shina, unachuna ukanda mwembamba wa gome, upana wa punje mbili za ngano zilizolala ubavu kwa ubavu, mpaka uone mti mweupe ndani. Mti wenyewe usiuguse. Vijana walipokuja kujifunza, aliwapanga mstari, na mimi nikiwemo, akatuhutubia kila mwaka maneno yale yale.

"Sikilizeni, vichwa maboga nyinyi. Maji yanapanda kwa ndani, kwenye mti mweupe. Chakula kinashuka kwa nje, kwenye gome. Ukilichuna gome, maji hayana habari, yanapanda tu. Majani yanakunywa, yanapika sukari yao kama kawaida. Ile sukari ikishuka kwenda kulisha mizizi, inakuta njia imekatwa. Itaenda wapi? Inarudi kwenye matunda. Ndiyo maana kunazi zetu ukizikausha nusu na kuzipasua, zinavuta nyuzi za sukari."

"Na mizizi je?" angeuliza mmoja.

"Mizizi inalala njaa. Siku ishirini na tano, thelathini, mpaka kidonda kizibe. Inakula akiba yake. Ndiyo maana pete iwe nyembamba. Ukiitanua ukitaka matunda mengi, kidonda hakifungi, na mti unakufa. Haufi leo. Utakuchekea mwaka mzima, maana maji bado yanapanda. Wewe unaona majani mabichi unasema mimi ni fundi. Kumbe chini umeshaua."

Na chini ya pete aliacha tawi moja dogo bila kulikata. Hilo majani yake yalikuwa chini ya kidonda, kwa hiyo sukari yake ilienda moja kwa moja mizizini. Baba yetu hakuwa na mazoea hayo. Kaka ndiye aliyeyaanzisha, na alijivuna kwayo kuliko kitu kingine chochote. Kila mwaka pete mpya ilikaa vidole vitatu juu ya ile ya mwaka jana, hadi mashina yetu yakawa na makovu yaliyopangana kama vipandio vya ngazi. Alikuwa na miti sitini na miwili ng'ambo ya tuta, na aliweza kukuonyesha kovu la mwaka aliooa.

Aliyeolewa ndiye huyo Suyun. Alitoka kijiji cha ardhi ya chumvi, kisichoota hata mti wa kufungia mbuzi, akaja kwetu na miaka ishirini, mfupi, mashavu mekundu, mdomo mkali. Miaka arobaini na kitu alimfuata kaka na chungu cha udongo uliochanganywa dawa. Kaka anachuna, yeye anapaka, wadudu wasiingie kidondani. Mikono yake ilikuwa na harufu ya ile dawa hata wakati wa sikukuu. Walikuwa wanagombana kutwa nzima, kwa raha zao. Mkunazi mmoja wa shamba hilo, ulio karibu na banda la nguruwe huko ng'ambo, ndio uliokuwa uwanja wao wa vita. Mikunazi inaotesha vichipukizi vingi kutoka mizizini, na kaka aliving'oa vyote kwa jembe kila masika. Shamba lake lilikuwa safi, hakuna hata ujiti. Ila chini ya mti ule mmoja Suyun alimkatalia.

"Mama Yanfen, haya magugu yako yananyonya mti wangu!"

"Kuku wangu wanataga humo. Na mti wenyewe unakatwa na kisu chako kila mwaka haujafa, ndiyo uuawe na kuku?"

"Mwanamke mbishi huyu."

"Si ulinioa mwenyewe? Nani alikulazimisha?"

Kaka angenigeukia. "Unaona, Guangcai? Unaona ninayoishi nayo?" Na mimi nilikuwa naona vizuri sana, maana mke wangu mimi alikuwa hanijibu chochote, na nyumba kimya namna ile haina ladha.

Alipofika miaka sitini na mitano kaka akaanza kupotea. Si njiani, kichwani. Kwanza vitu vidogo: anakuuliza mvua ilinyesha lini, unamjibu, anauliza tena kabla hujafunga mdomo. Halafu akamwita Suyun kwa jina la dada yetu aliyekufa zamani. Suyun aliziba kila ufa. Akiona kaka ameanza sentensi na haijui inakokwenda, alimmalizia, tena kwa kelele, ili watu wacheke wasitambue. Walipokuja kumwita akawakatie pete, Suyun aliwaambia bega la mumewe linauma. Bega! Lile bega lingeweza kubeba ng'ombe.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "watu wakijua, watamwonea huruma. Yeye kuonewa huruma hawezi. Afadhali waseme amekuwa mvivu."

Mwaka ule wa mambo yote, mikunazi ilipochanua, alimwongoza mwenyewe. Mti kwa mti, yeye nyuma na chungu chake. "Huu tayari, Baba Yanfen. Sasa ule." Mikono ya kaka ilikuwa haijasahau kitu. Pete sitini na mbili, nyembamba, safi, na tawi la chini limeachwa kila mti. Suyun alirudi nyumbani siku ile anaimba.

Siku tano baadaye habari ikaja kwamba Yanfen amejifungua huko mjini, na damu haikomi. Suyun akafunga mzigo wake. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono wa shati. "Kisu chake nimekificha ndani ya mtungi wa unga. Siku nne tu, shemeji. Mwangalie kaka yako."

"Nenda," nikamwambia. "Kwani mimi ni mtoto?"

Siku ya kwanza nilimwangalia. Siku ya pili asubuhi kaka alikuja uani kwangu, amesimama wima, macho yanang'aa. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mavuno ya ngano. Mimi shamba langu dogo nilishalimaliza, nimekaa na mzee mwenzangu tunacheza sataranji, tena ninashinda.

"Guangcai, nipe jiwe lako la kunolea."

"La nini?"

"La kunolea! Kwani jiwe la kunolea linapikwa supu?"

Nilicheka. Jamani, nilifurahi. Miezi mingapi sijamsikia akinijibu namna ile! Nikasema moyoni, kaka yangu amerudi. Nikampa jiwe, nikarudi kwenye mchezo wangu. Sikuuliza ananoa nini. Kisu si kimefichwa kwenye unga? Haikunijia hata kidogo kwamba darini kilikuwepo kisu cha baba, kile cha zamani chenye mdomo mpana, ambacho baba mwenyewe alikiacha kwa sababu ya upana wake. Nilishinda michezo mitatu siku ile. Naikumbuka kila hatua yake, na natamani nisiikumbuke.

Suyun alirudi siku ya nne mchana. Mtoto mzima, mama mzima, mzigoni ana mayai yaliyopakwa rangi nyekundu ya kuwagawia majirani. Kaka hakuwepo nyumbani. Akaenda moja kwa moja ng'ambo ya tuta na mzigo wake begani, na mimi nikamfuata nikijisemea pengine kaka amekwenda kupunga upepo.

Chini ya kila mti kulikuwa na ukanda wa gome, umejikunja, umeanza kukauka. Juu ya pete ile nyembamba iliyopakwa udongo, vidole vitatu juu yake kwa kipimo kile kile cha kaka, kulikuwa na pete ya pili, upana wa kidole kizima, mti mweupe uko wazi kama mfupa. Na matawi ya chini, yale ya kulisha mizizi, yamekatwa yote. Kichwani mwake kaka alikuwa kijana anamfanyia kazi baba, kwa kisu cha baba, kwa njia ya baba.

Suyun aliutua mzigo polepole. Yai moja lilibingirika likaingia mtaroni. Alikwenda mti wa kwanza, wa pili, wa tano. Akaweka kidole ndani ya ile pete pana, kikaingia chote.

"Shemeji," akasema bila kunitazama, "mimi nilikuambia nini?"

 Nilisema kitu kuhusu jiwe, kuhusu kicheko, sijui nilisema nini. Hata mimi kichwa boga nilielewa hesabu yake. Pete ya juu ni pana, haizibi. Na maadamu haizibi, hata ile nyembamba ya chini haitaziba, maana chakula cha kuizibia kinatoka juu na hakifiki. Tawi la chini halipo. Mizizi ya miti sitini na miwili imefungiwa nje.

Ndipo kaka akatokea kati ya miti, kisu mkononi, jasho linamtiririka, anatabasamu kwa namna ambayo sijaiona tena. "Mama Yanfen! Umerudi? Nimeimaliza yote. Peke yangu, siku mbili. Nani kasema nimezeeka?"

 Nilimwona Suyun akijipangusa uso kwa kiganja, mara moja tu.

"Hakuna aliyesema," akamjibu. "Kazi nzuri, Baba Yanfen. Hebu nipe hicho kisu nikufutie. Twende ukale yai."

Jioni ile ile alinifuata nyumbani kwangu. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alisema, "Sikia. Hatajua. Mimi na wewe tu. Ukimwambia yeye au mtu yeyote, sisi si ndugu tena." Nikaapa.

Kesho yake tukaanza kuhangaika. Alimwacha kaka kwa mke wangu, na sisi tukavuka tuta kwa kisingizio cha kupaka udongo. Mti uliokatwa pete pana unaweza kuokolewa ukiuwekea daraja: unachukua kijiti kibichi, unakichonga ncha mbili, moja unaipenyeza chini ya gome la chini, nyingine chini ya gome la juu, kikishika chakula kinapita juu ya kidonda. Lakini hiyo ni kazi ya masika, si ya jua la mavuno. Tuliweka vijiti zaidi ya mia. Suyun alichonga mpaka vidole vikavimba. Baada ya siku kumi vilikuwa vimekauka vyote, ukivigusa vinavunjika.

"Kichipukizi ndicho kingefaa," akasema. "Hicho kina mizizi yake tayari. Unapenyeza ncha ya juu tu." Akatazama shamba lile safi, lisilo na ujiti, lililopaliliwa na mumewe miaka arobaini. Akakaa chini akalia kwa sauti. Ndiyo mara pekee nilipomsikia.

Ulibaki mti wa kuku. Pale banda la nguruwe vichipukizi vyake viwili vilikuwa vimemfikia kiunoni. Alivichonga ncha, akapasua gome juu ya kidonda, akavipenyeza, akapigilia misumari midogo miwili, akavifunga kwa plastiki na udongo. Mmoja huo ulishika. Miti mingine sitini na mmoja tuliipaka udongo mnene juu ya pete zote mbili, mtu asione.

Sasa sikieni ukatili wa mikunazi. Mwaka ule ilizaa kuliko miaka yote. Sukari yote ilikuwa juu, haina pa kwenda. Kunazi zilijaa mpaka matawi yanapiga magoti, na tulipozikausha na kuzipasua, nyuzi za sukari zilivutika urefu wa mkono. Watu walikuja kutoka vijiji vingine kuonja.

"Mzee Guanglu, mwaka huu umejishinda mwenyewe!"

"Bega lilipona, eh?"

Kaka alikaa mlangoni kama bwana harusi. "Mkono ni ule ule," anawaambia, "ni nyinyi tu mnaozeeka." Suyun aliwamiminia chai, anacheka panapostahili kucheka. Niliondoka. Kunazi ile niliyoitia mdomoni niliitema nyuma ya ukuta.

Masika yaliyofuata mikunazi ya watu wote ilitoa majani. Mkunazi ni mti wa mwisho kuamka, kila mtu anajua, kwa hiyo kwa muda tulikuwa na kisingizio. Kaka alivuka tuta kila asubuhi na Suyun nyuma yake. Anasimama, anatazama matawi makavu.

"Imechelewa mwaka huu."

"Imechelewa," Suyun anamjibu. "Baridi ilikuwa kali."

Kesho yake anasimama tena pale pale, anasema tena kama mara ya kwanza. Siku ishirini hivi alimjibu vile vile, bila kuchoka. Mimi nilikuwa nachoka kwa niaba yake. Nikamwambia, "Shemeji, kwa nini usimwambie? Kesho atakuwa amesahau."

"Na kama asiposahau?" Akanitazama kwa yale macho makali. "Wewe unajua kichwa chake kinachagua nini cha kubakiza? Mimi sijui. Kimesahau harusi yetu. Kimesahau kifo cha mama yenu. Je, katika vyote, kikishikilia hiki? Afe akijua ameua miti yake kwa mkono wake? Hapana. Hapana, shemeji."

Siku ya ishirini na moja mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa umebanduka mashinani. Kaka alisimama mbele ya mti wa kwanza, na sijui ni mungu gani alimfungulia akili asubuhi ile. Akapiga goti. Akapitisha kidole gumba kwenye kovu la mwaka juzi, akapima vidole vitatu, akakuta pete ya kwanza. Akapima tena vitatu, akakuta ya pili, kidole kikazama. Akaenda mti mwingine. Akaenda mwingine. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kaka yangu wa zamani, mzima kabisa, na ulikuwa unatisha.

"Pete mbili," akasema. "Pete mbili kwenye mti mmoja! Na tawi la mizizi limekatwa! Mpumbavu gani kafanya hivi?" Sauti yake ilivuka tuta. Watu waliokuwa wanamwagilia ngano wakaacha majembe wakaja. "Nani? Ni wewe, Guangcai? Tangu utoto una mkono wa mchinja nguruwe! Sema, ni wewe?"

Nilifungua mdomo. Haki ya nani, ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa hata si uongo mkubwa, jiwe lilikuwa langu. Ningelibeba mimi, nilikuwa na mabega. Lakini watu walikuwa wamesimama pale, wanatazama, na mimi nilikuwa na miti yangu, na jina langu.

"Ni mimi," akasema Suyun.

Kaka akamgeukia.

"Ni mimi, Baba Yanfen. Ulikuwa unaumwa bega. Nilitaka kunazi nyingi zaidi. Nilidhani pete mbili zitaleta mara mbili."

Kaka aliitazama mikono ya mkewe. "Miaka arobaini umebeba chungu nyuma yangu," akasema polepole, "na hukujifunza kitu." Halafu akatema mate miguuni pake, mbele ya watu, akaenda zake. Mke wake aliyegombana naye kila siku ya maisha yake kwa furaha, hakuwahi kumtemea mate hata akiwa amelewa.

Kijiji kilimaliza kazi iliyobaki. Kufika saa ya chakula cha mchana jina lilikuwa limeshapatikana: Muua Mikunazi. Yanfen alipokuja na mtoto wake kuwasalimu, alisikia kwa watu kabla ya kufika mlangoni, na hakumpa mama yake mtoto ambebe mpaka jioni.  Nami sikumwambia Yanfen ukweli. Nilikuwa na kiapo, si ndiyo? Kiapo kilinifaa sana.

Tangu siku ile kaka alikataa chakula cha mkono wake. Suyun alipika, mimi nikabeba bakuli, nikamwambia kaka kapika mke wangu. Alikula akisifu. "Mkeo hasemi lakini anajua kupika. Mimi wangu ana mdomo tu." Na Suyun yuko nyuma ya pazia, anasikiliza kama bakuli linakwanguliwa.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kichwa cha kaka kilimwaga kila kitu. Kilimwaga jina langu, kikamwaga jina lake mwenyewe, kikamwaga kazi ya kijiko. Kitu kimoja hakikumwagika. Ungemkuta amejilaza kwenye kitanda cha matofali, moto unawaka chini yake, anaiambia dari: "Mke wangu aliua miti yangu. Pete mbili. Mke wangu aliua miti yangu." Kila nilipomsikia nilimkumbuka Suyun akiniuliza kichwa hiki kitachagua nini cha kubakiza. Alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Kilishikilia hicho hicho, na kama Suyun hangejitwika kosa, kaka angekuwa anajitaja mwenyewe pale badala ya mkewe.

Majira ya baridi ya mwisho, kaka alikuwa hamjui tena Suyun kwa sura. Basi Suyun akaacha kujificha, akaanza kumlisha mwenyewe. Kaka alidhani ni mwanamke wa kuajiriwa, na alimpenda. Alimshika mkono, akamwuliza anatoka wapi, akamsifia mashavu. Nilikuwepo asubuhi moja, nimeleta makaa, theluji imejaa uani. Suyun amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji wa mawele ameutia kunazi tatu, za ule mti wa banda la nguruwe, amezitoa kokwa na kuzipondaponda. Kaka alimeza kijiko, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo.

"Hizi tamu," akasema. "Mimi pia nilikuwa na mikunazi. Sitini na miwili. Mke wangu aliiua."

"Nimesikia," akasema Suyun. "Fungua mdomo."

"Wewe ni mtu mwema. Una mikono mizuri. Ina harufu naijua." Akaivuta karibu na pua. "Laiti ningekuoa wewe. Miti yangu ingekuwa hai."

Nikayatua makaa sakafuni. Nikafungua mdomo, safari hii nilikuwa nasema, naapa nilikuwa nasema. Suyun akanitazama tu, nikaufunga.

"Kunywa uji, Baba Yanfen," akamwambia. "Unapoa."

Kaka akafumbua macho, akamkazia. "Umelijuaje jina la binti yangu?"

Suyun alipangusa uji kidevuni pake kwa kidole.

"Nimelisikia kwa watu," akasema.